Mchele, Kibao na Zima-Washa: Tiba za Ajabu za Vyombo Vyetu

Sori ni mji wa wavuvi kando ya ghuba ya Karungu, katika kaunti ya Migori, pwani ya Ziwa Victoria. Usiku usio na mwezi mashua hutoka na taa zake kwenda kuvua dagaa, ambao wenyeji huwaita omena, na humo mashuani aghalabu haikosi simu moja au mbili. Simu hiyo ndiyo saa, ndiyo tochi, ndiyo njia ya kuwaita wenzao dhoruba ikizuka. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ndiyo pia mkoba wa fedha. Simu ya namna hiyo ikiteleza mkononi na kutumbukia majini, huzama nayo mtaji wa wiki na mawasiliano ya nyumba nzima.

Hapo ndipo washauri wanapojitokeza. Mmoja husema itiwe ndani ya mchele. Wa pili husema ianikwe juani. Wa tatu huishika mwenyewe akaigongagonga kiganjani. Ushauri huu haukuzaliwa Sori peke yake, kwani sisi wa pwani ya bahari twaujua vilevile. Kila mtaa una mganga wake wa redio, wa runinga na wa kompyuta, na kila mganga ana hadithi ya mgonjwa aliyepona.

Wiki hii tumeonelea tuzipime tiba hizi. Hatukusudii kuzicheka, kwa sababu baadhi yake zina akili kubwa ndani yake. Twauliza swali moja tu kwa kila tiba: je, yagusa ugonjwa wenyewe? Inayougusa huponya hata ikionekana ya ajabu. Isiyougusa yaweza kumuua mgonjwa hata kama imesifiwa na mtaa mzima.

Mchele na dagaa

Wanaosifu mchele husema kwamba punje kavu hunyonya unyevu. Ni kweli mchele hunyonya maji ukilowekwa, lakini maji yaliyojificha chini ya bodi ya simu hayaufikii mchele huo. Yahitaji kugeuka mvuke na kuondoka, na kinachouondoa mvuke ni hewa inayopita. Akina mama wanaokausha dagaa katika fukwe za ziwa walijua jambo hili zamani. Hutandaza dagaa kwa utando mwembamba juu ya nyavu, wakawageuza, upepo ukapita juu na chini yao. Hakuna hata mmoja awafukiaye dagaa wabichi ndani ya gunia la mchele akitaraji wakauke. Simu iliyofukiwa mcheleni hunyimwa ile hewa iliyokuwa ikiihitaji, tena vumbi la mchele huingia katika tundu la chaji na kuganda humo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwa maandishi wasitie simu zilizolowa ndani ya mchele, kwa kuwa chembe ndogo zaweza kuziharibu. Mbona basi wengi huapa kwamba mchele umewaponyea simu zao? Sababu ni kwamba mchele humlazimisha mwenye simu afanye jambo moja la maana, nalo ni kuiacha imezimwa siku moja au mbili bila kuigusa. Subira ndiyo iliyoponya, mchele ukachukua sifa.

Maji mawili

Hapa ipo tofauti ambayo msomaji wa Mombasa, Lamu au Pemba hana budi kuizingatia. Ziwa Victoria ni maji matamu. Bahari ya Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, nayo yakikauka hayaondoki yote: chumvi hubaki juu ya bodi, ikavuta unyevu wa hewani, ikaila shaba na lehemu kidogo kidogo. Simu iliyoanguka Sori, ikizimwa papo hapo na kukaushwa vyema, ina tumaini kubwa. Simu iliyoanguka Bandari ya Kale, hata ikikaushwa vivyo hivyo, huenda ikawaka leo na kufa baadaye bila ya mwenyewe kujua sababu. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huifungua, akaisafisha bodi kwa brashi laini na spiriti safi, kisha akaikausha.

Kwa maji yote mawili mwanzo ni mmoja. Izimeni simu mara moja, kwa maana umeme ukikutana na maji ndipo uharibifu unapokwenda mbio. Msiichaji ili kuijaribu. Toeni laini, na betri pia kama ni ya kutoka. Ifuteni, ielekezeni tundu lake chini maji yachuruzike, kisha iwekeni kivulini penye upepo au mbele ya feni. Jua kali huidhuru betri. Ikiwa ni maji ya bahari, pelekeni kwa fundi upesi, na mwambieni wazi kwamba ni maji ya chumvi. Mgonjwa aliyefichiwa tabibu habari zake hapati dawa iliyo yake.

Kibao kina siri gani?

Waliolelewa na runinga za zamani, zile za kioo kizito na mgongo mrefu, wanakumbuka kibao. Picha ikicheza, baba wa nyumba huinuka, akaipiga ubavuni, picha ikatulia. Kibao hicho hakikuwa uchawi. Ndani ya chombo mna mamia ya viungo vya lehemu na vikao vya kuchomekea vipande. Joto huvitanua na baridi huvikaza, mwaka baada ya mwaka, hata kimoja kikalegea. Mtikiso hukirudisha mahali pake kwa muda. Neno la kushikwa hapo ni "kwa muda": kiungo kilichopasuka bado kimepasuka, na kila kibao hukipanua zaidi.

Hata watengenezaji wamewahi kuagiza kibao. Mwaka 1980 Apple ilitoa kompyuta iliyoitwa Apple III, isiyokuwa na feni ya kuipoza. Ilipata joto, chipu zikachomoka katika vikao vyake, na mafundi wa kampuni wakawashauri wateja waiinue mashine inchi chache juu ya meza na kuiachia ianguke, ili chipu zijikaze tena. Tiba hiyo iligusa ugonjwa wenyewe, lakini haikuuondoa. Kampuni ililazimika kubadilisha maelfu ya mashine.

Kibao kisichogusa ugonjwa nacho kina historia yake. Mnamo Novemba 1969, katika safari ya Apollo 12, mwanaanga Alan Bean aliielekeza kamera ya runinga kwenye jua bila kukusudia akiwa juu ya mwezi. Picha ikatoweka. Akaigonga kamera kwa nyundo. Haikurudi, kwa kuwa hapakuwa na kiungo kilicholegea. Kifaa cha kupokea mwanga kilikuwa kimeunguzwa na jua. Ulimwengu ukaifuata sehemu kubwa ya matembezi hayo kwa sauti tu.

Mafundi wetu wa mitaani wana tiba iliyo pole kuliko kibao. Kompyuta isipowaka, huchomoa kipande cha kumbukumbu, wakasugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, wakakirudisha. Raba hiyo huondoa utando wa kutu na uchafu unaozuia umeme. Ni tiba ya senti chache yenye sababu iliyo wazi, mradi umeme umekatwa kwanza na makombo ya raba yamefutwa. Watoto wa zamani walipopuliza kaseti za michezo ya Nintendo, walidhani pumzi ndiyo dawa. Lililosaidia ni kule kuitoa kaseti na kuichomeka upya. Pumzi iliacha unyevu tu.

Betri juani

Tiba nyingine iliyoenea, ziwani na baharini, ni ya mawe ya redio. Yakichoka huanikwa juani, na wengine huyauma kwa meno. Mawe ya kawaida yana kopo la zinki na unga uliolowa ndani yake. Joto huharakisha kazi inayozaa umeme, na kuliuma jiwe huusukuma unga ulio mkavu ukutane na ulio mbichi. Hivyo hupatikana taarifa ya habari moja zaidi. Hata hivyo zinki iliyokwisha kuliwa ni nyembamba, hutoboka upesi, na maji yake huunguza kinywa na kuozesha redio. Mtoto asiachwe kamwe auige mchezo huo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuihamishia tiba hii kwenye betri za leo. Betri ya simu, ya kompyuta ya mkononi na ya taa nyingi za kisasa ni ya lithiamu, na hiyo haina udugu na jiwe la redio. Ikianikwa juani, ikiumwa, ikitobolewa au ikigandishwa ndani ya friji, yaweza kuharibika au kushika moto usiozimika kwa urahisi. Betri iliyovimba haina tiba ya nyumbani. Isikandamizwe irudi ndani, isichajiwe, isiwekwe chini ya mto wa kulalia. Itengwe mbali na vitu vinavyoungua, ipelekwe kwa fundi. Vilevile runinga ya zamani isifunguliwe na asiyejua, maana hubaki na umeme wa maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa ukutani.

Zima, kisha washa

Tiba inayochekwa kuliko zote ni hii: zima, kisha washa. Watu hudhani ni maneno ya fundi mvivu. Lakini programu inayofanya kazi mfululizo hukusanya makosa madogo katika kumbukumbu na katika hesabu zake, na kuizima huzifuta na kuanza upya.

Jinsi jambo hili lilivyo zito lilionekana Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot, uliowekwa kuzuia makombora, ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Saa yake ya ndani ilikuwa na kosa dogo mno, lakini likajumlishwa hata likafika sekunde 0.34, na kwa mwendo wa kombora hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama pasipokuwa na kitu. Kombora la Scud lililotoka Iraki likaangukia kambi na kuua askari 28 wa Marekani. Onyo lilikuwa limetolewa siku chache kabla kwamba mtambo usiwashwe muda mrefu mno, lakini halikutaja ni muda gani. Programu iliyosahihishwa iliwasili siku iliyofuata.

Mwaka 2015 wasimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani walitangaza kwamba ndege za Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways nayo hurusha, zingeweza kupoteza umeme zikiachwa zimewashwa siku 248 bila kuzimwa. Wakaamuru zizimwe na kuwashwa upya kabla ya muda huo. Ushauri alioupata nyanya kwa redio yake ndio waliopewa wenye ndege.

Maswali matatu

Tiba ya ajabu ikitanguliwa na fikira huwa hekima. Chombo cha InSight, kilichokuwa katika sayari ya Mirihi, kilidhoofika kwa vumbi lililofunika paneli zake za jua. Mwezi Mei 2021 wahandisi waliamuru mkono wake uchote mchanga na kuumwaga karibu na paneli upepo ukivuma. Mtu angeona wazimu, kumwagia mchanga kitu kilichojaa vumbi. Lakini chembe nzito zilidundadunda juu ya paneli zikapeperusha vumbi jembamba, na umeme ukaongezeka. Walikuwa wameujua ugonjwa, wakapima hasara, wakajaribu kwa kiasi kidogo kwanza.

Nasi nyumbani twaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kunyanyua mkono. Je, twajua kilichoharibika, au twabahatisha? Tiba hii ikikosea, tutapoteza nini: shilingi chache, au nyumba na watu wake? Na je, kilichomo ndani ya chombo kina nakala mahali pengine?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Simu hununuliwa nyingine. Sauti ya mzazi aliyefariki, picha za arusi, daftari la madeni ya duka, hayo hayauzwi dukani. Yanakilini leo, chombo kikiwa kizima, katika kompyuta ya jamaa au kwenye kadi ya kumbukumbu iliyohifadhiwa mbali na simu. Na jirani akikusimulieni jinsi kibao au mchele ulivyomwokoa, msikilizeni kwa heshima, kisha mkumbuke walivyosema wazee wetu: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.