Kutoa ni Moyo: Vijana wa El Alto na Lugha ya Mama

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maneno haya ya wazee wetu yamethibitika mbali mno, huko El Alto, mji wa Bolivia ulio juu ya milima, kiasi cha mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Wengi wa wakazi wake ni Waaymara, wenyeji wa asili wa nchi hiyo.

Mwaka 2007 Rising Voices ilianza kutoa misaada midogo, isiyozidi dola 5,000, kwa watu ambao sauti zao hazikusikika katika intaneti. Miongoni mwa waliopewa mwanzo ni Voces Bolivianas, waliowafunza watu wa El Alto kuandika habari zao wenyewe. Mwaka 2009 vijana mjini humo wakaunda Jaqi Aru, wakajitolea bila ya mshahara kufasiri habari kwa Kiaymara.

Fedha hizo hazitoshi kujenga nyumba ya mawe. Lakini mtoto anayeionea haya lugha ya mamake, akiikuta imeandikwa mbele ya walimwengu, huinua kichwa. Nasi wa mwambao tujiulize: Kiamu, Kimvita na Kibajuni vya nyanya zetu, ni kijana gani leo anayeviandika?