Askari wa Burma na santuri za Moshi

Katika nyumba nyingi za zamani za vihambani kwenye mlima Kilimanjaro, Kibosho hadi Marangu, kuna sanduku la bati ambalo halifunguliwi na mtu ila bibi. Ndani mna vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kahawa za chama cha ushirika cha KNCU, kitenge kilichowekwa akiba na, ukibahatika, santuri moja au mbili. Si zile nyepesi za plastiki zilizokuja baadaye. Hizi ni nzito, upande mmoja unaimba dakika tatu hivi, na ikikuponyoka imekwisha, inavunjika kama sahani. Gramafoni yake haikutaka umeme. Unazungusha mpini, unashusha sindano, unavumilia mkwaruzo kwanza, ndipo gitaa linaingia.

Miaka ya 1950 gitaa hilo huenda likawa la Frank Humplink, kijana wa Moshi, mama yake Mchagga, baba yake Mzungu. Aliimba na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina, na kundi lao halikutafutiwa jina la makeke: Frank na Dada Zake. Walirekodi "Embe Dodo", "Kolokolo", "Harusi". Bei ya kahawa ilikuwa imepanda na mkulima aliyeuza vizuri aliweza kurudi nyumbani na gramafoni. Sauti za ndugu waliokulia nyumba moja zina namna yake ya kushikana ambayo mazoezi peke yake hayaileti, na mimi kwa hilo siwafananishi na kundi lolote la wakati wao.

Lakini nyuma ya santuri hizo kuna mtu ambaye mlimani hatumtaji sana, kwa kuwa hakuwa wa huku. Ni Ally Sykes wa Gerezani, Dar es Salaam.

Kwao uaskari ulikuwa kama urithi. Babu yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa na kamanda wa Kijerumani Wissmann kupigana na Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani. Baba yake, Kleist, alikuwa askari wa Wajerumani chini ya Von Lettow-Vorbeck, jeshi ambalo lilikuwa likishikilia mji wetu wa Moshi mpaka Machi 1916, majeshi ya Mwingereza chini ya Smuts yalipoingia. Ilipofika zamu ya watoto, bendera ilikuwa imebadilika. Ally na kaka yake Abdulwahid walivaa sare ya Mwingereza, wakapelekwa Burma na King's African Rifles kupigana na Wajapani. Ally, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa hajafikisha hata miaka ishirini.

Vijana waliorudi kutoka Burma, wa pwani na wa mlimani, walirudi na mambo mawili. La kwanza ni swali: kama Mwingereza anakufa kwa risasi kama sisi, anatutawala kwa lipi? La pili ni muziki. Kambini walikuwa wamesikia magitaa na santuri za dunia nzima. Fundi Konde, Mgiriama aliyepiga gitaa katika kikosi cha burudani cha jeshi hilohilo, alirudi akawa mwanamuziki hasa. Ally hakufika huko. Alikuwa karani wa serikali, na muziki ulibaki kuwa wa jioni. Alikuwa na bendi yake, Skokian, jina linalotokana na ule wimbo wa August Musarurwa wa Rhodesia ya Kusini ambao hata Louis Armstrong aliurekodi mwaka 1954. Hakuutegemea muziki kwa chakula.

Mohamed Said, aliyeandika kitabu cha maisha ya Abdulwahid, ameeleza mara nyingi jinsi Ally alivyokuwa rafiki wa Peter Colmore, Mwingereza wa Nairobi aliyekuwa akirekodi wanamuziki, na jinsi urafiki huo ulivyomgusa Frank wa Moshi. Humo ndimo ulimotoka wimbo "Yes, No". Ukiusikia kwa haraka ni wimbo wa kuchezea tu. Serikali ya kikoloni haikuusikia kwa haraka; iliielewa siasa iliyomo, ikaupiga marufuku.

Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Moshi ilikuwapo, kwani Joseph Kimalando alikuwa miongoni mwa waasisi 17. Ally naye alikuwamo, ingawa serikali ilikuwa imeshawakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Kadi za kwanza zilichapishwa kwa fedha zake. Namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 yake mwenyewe, namba 3 ya kaka yake. Adhabu yake ikawa uhamisho wa kwenda Korogwe. Mtu mwenye mke na watoto, mwenye mshahara wa kila mwezi, huyo ana cha kupoteza, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko Burma. Burma alipelekwa, hili alilitaka mwenyewe.

Baada ya Uhuru aliingia biashara, akalea familia, akazeeka akiwa mtanashati. Muziki haukuhama ukoo ule, maana Dully Sykes wa Bongo Fleva ni wa nyumba hiyohiyo. Frank alifariki mwaka 2007. Mzee Ally alimfuata Mei 2013, jijini Nairobi, akazikwa Dar es Salaam.

Sasa nirudi kwenye sanduku. Desemba watoto wetu wanapopanda nyumbani kutoka mijini, desturi ni kubomoa nyumba ya zamani na kujenga mpya, na vilivyomo darini huishia shimo la taka migombani. Wewe unayesoma hili na una bibi mlimani, mwombe ufunguo kwanza. Ukikuta santuri nzito nyeusi, usiipange na nyingine bila kitambaa, usiiweke karibu na jiko, na usome karatasi ya katikati kabla hujamwita fundi wa mabati. Huenda ni ile iliyopigwa marufuku.