Usilivike gari lako viatu visivyolingana

JIRANI yangu mmoja hapa mtaani alikuwa na gari dogo la Kijapani, lile la aina ambayo injini huendesha magurudumu yote manne. Lilikuwa gari zuri, na kila Jumapili watoto walipigania kuliosha. Siku moja kijana aliyekuwa akimuuzia matairi alimshauri aweke mapana zaidi nyuma, ili gari "lisimame kiume." Jirani akakubali. Gari lilipendeza kwelikweli, na vijana wa mtaa walilizunguka wakilisifu.

Miezi michache baadaye, kila alipokata kona kali akiegesha, gari lilisita na kutetemeka kama punda aliyegoma. Kisha ukaja mlio kutoka chini ya sakafu. Fundi alipofungua, aliyoyakuta ndani yalimfanya atikise kichwa. Pesa alizodaiwa jirani zilikuwa zile alizowekea karo ya muhula uliofuata. Gari lilikaa juu ya mawe, na mtoto akachelewa kurudi shuleni.

Huenda nawe, msomaji, una gari la namna hiyo, au unapanga kulinunua. Ukitembea Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, utaona jinsi vipuri vya Subaru vinavyouzwa kama njugu. Wengi wetu tulianza kuyapenda magari hayo tangu siku za mbio za Safari Rally, Colin McRae aliposhinda kwa Subaru Impreza mwaka wa 1997 na Richard Burns mwaka wa 2000. Basi kabla hujatoa pesa kununua matairi ya saizi mbili, soma kwanza haya.

Kwa nini watu hufanya hivyo?

Kuweka matairi mapana nyuma na membamba mbele si wazimu. Katika gari lenye nguvu nyingi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, tairi pana husaidia kukamata barabara dereva anapokanyaga mafuta. Tatizo ni kwamba vijana wengi huiga sura bila kuuliza sababu. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote limekwisha kugawa nguvu zake kwa miguu minne, kwa hivyo faida ya upana wa nyuma ni ndogo. Isitoshe, nyuma ikishika barabara kuliko mbele, gari huwa zito kupinda. Unazungusha usukani nalo linataka kwenda mbele.

Kumbuka mbio za miguu mitatu

Bila shaka ulipokuwa shule ya msingi ulishiriki mbio zile za watu wawili wanaofungwa kamba mguuni. Mkiwa na hatua sawa, mnakimbia vizuri. Mmoja akiwa na hatua ndefu na mwingine fupi, kamba huwakata nyama na mwishowe mnaanguka.

Katika gari la magurudumu yote, mbele na nyuma zimefungwa pamoja kwa shafti. Katikati huwa kuna chombo cha kuzipa nafasi kidogo zitofautiane, kwa maana hata unapokata kona magurudumu hayazunguki sawasawa. Katika magari mengine chombo hicho ni difu ya katikati yenye mafuta mazito ya silikoni. Katika mengine, hasa yenye gia za otomatiki, ni klachi ya sahani nyingi. Vyote viwili viliundwa kustahimili tofauti ya muda mfupi tu. Ukivipa tofauti isiyokoma kutoka nyumbani hadi kazini na kurudi, huchemka, huchakaa na hatimaye huungua.

Hesabu ya mtoto wa shule

Sasa chukua kalamu, au umwite mwanafunzi wa darasa la juu akusaidie. Pembeni mwa tairi utaona maandishi kama 205/55R16. Nambari 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 55 ina maana kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo. Nambari 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Asilimia 55 ya 205 ni milimita 112.75. Ubavu uko juu na chini, kwa hivyo zidisha kwa mbili upate 225.5. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4. Jumlisha: tairi zima lina kimo cha karibu milimita 632.

Jirani yangu aliacha 205/55R16 mbele, akaweka 225/55R16 nyuma. Alifikiri ameongeza upana tu. Lakini asilimia 55 ya 225 ni 123.75, na tairi zima likawa karibu milimita 654. Nyuma ilikuwa imepanda kwa milimita 22! Tairi la mbele lilizunguka takriban mara 504 kwa kila kilomita, na la nyuma mara 487. Hizo ni tofauti ya mizunguko 17 kila kilomita. Safari ya Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, yaani tofauti ya mizunguko zaidi ya 8,000 ambayo chombo kile cha katikati kililazimika kumeza. Chuma gani kisingelia?

Je, angefanyaje? Kama ni lazima kuongeza upana, nambari ya katikati ingepaswa kushuka. Tairi la 225/50R16 lina ubavu wa milimita 112.5, karibu sawa kabisa na lile la mbele. Kimo chake chote ni milimita 631.4. Tofauti ni nusu milimita.

Hivyo ndivyo wafanyavyo watengenezaji wenyewe. Kuna BMW X5 zilizotoka kiwandani na matairi ya 275/40R20 mbele na 315/35R20 nyuma, na magurudumu yote manne yakivuta. Ukipiga hesabu utapata milimita 728 mbele na 728.5 nyuma. Upana unatofautiana sana, lakini hatua ni moja. Hiyo ndiyo siri yote.

Saizi moja si dawa kamili

Usifurahi mapema ukasema, "Mimi matairi yangu yote ni saizi moja." Tairi jipya huwa na meno ya kina cha milimita 8 hivi. Lililotumika likabaki na milimita 3 limepungua kimo kwa milimita 10. Kwa hivyo ukinunua mawili mapya kwa sababu mfuko hauruhusu manne, ukayafunga upande mmoja wa gari la namna hii, umerudi kwenye shida ya jirani yangu. Hata kampuni mbili tofauti zinaweza kuandika saizi moja na matairi yasilingane kamili. Ndiyo maana vitabu vya magari ya Subaru husisitiza matairi manne ya saizi moja, aina moja na uchakavu unaolingana.

Kuna gharama nyingine watu huisahau. Matairi ya saizi mbili hayawezi kuhamishwa mbele na nyuma ili yaishe pamoja. Na je, tairi la akiba litakuwa la saizi gani? Ukipata pancha usiku ukiwa na familia kule Salama au Mtito Andei, ndipo utakapolijua jibu.

Ufanye nini?

Kwanza, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kinachoonyesha saizi na kiasi cha upepo. Hapo ndipo pa kuanzia, si kwa muuzaji.

Pili, jaza upepo sawa na inavyoagizwa, kisha pima. Weka alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, sukuma gari polepole hadi alama irudi chini, upime umbali huo kwa futi ya fundi cherehani. Rudia kwa kila gurudumu. Kazi hii ni ya nusu saa, na watoto wataifurahia.

Tatu, ukinunua mitumba, nunua manne yaliyotoka gari moja. Tazama pia nambari nne za tarehe pembeni: 2319 ina maana juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi zee lenye meno mazuri bado ni tairi zee.

Nne, mwambie fundi akuonyeshe kama gari lako, hasa Subaru kuukuu ya otomatiki, lina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti. Katika magari hayo, fyuzi ikiwekwa hapo, nguvu haziendi nyuma. Hukusaidia kufika nyumbani na tairi la akiba lisilolingana, lakini si ruhusa ya kuzoea.

Na ukianza kusikia gari likisita kwenye kona, usiongeze sauti ya redio. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jirani yangu sasa anatembea kwa matairi manne yanayofanana, membamba kiasi. Vijana hawasimami tena kulitazama gari lake. Lakini mwanawe alifika shuleni siku ya kwanza ya muhula, naye baba alimpeleka mwenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.