Kufuga Chaza, na Funzo Lake kwa Wenye Mikarafuu

Wanachama wapenzi,

Baadhi yenu mnaokaa karibu na pwani mmetuuliza kama chaza aweza kufugwa. Jawabu ni kwamba aweza. Sisi tumezoea kuwaona kina mama wakishuka pwani maji yakitoka, wakibandua chaza miambani na katika mizizi ya mikoko. Huko ni kuokota, si kufuga. Mfugaji hupanda kwanza, ndipo avune. Twapenda kuwaeleza kazi hiyo inavyofanywa Arcachon, ghuba iliyoko kusini-magharibi ya Ufaransa.

Chaza anapozaliwa ni kidudu kidogo mno. Huelea majini majuma mawili au matatu, akitafuta mahali pagumu pa kujishikiza, na akisha kushika hahami tena. Kwa hiyo wakati wa joto mfugaji hutia majini vigae vilivyopakwa chokaa, desturi iliyoanza huko katika miaka ya 1860. Wale wadogo hushika penye chokaa, na kwa kuwa chokaa humenyeka upesi, hubanduliwa bila ya kuvunjika. Kisha hutiwa katika mifuko ya wavu mgumu, ikapangwa juu ya vichanja vya chuma mahali panapokupwa na kujaa. Kazi iliyobaki ni kugeuza mifuko, kuondoa mwani, na kuwapunguza wakisongamana. Chakula hakinunuliwi, kwani chaza hujichujia mwenyewe katika maji. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, maji yakiingia uchafu wa vyoo, mlaji huugua. Baada ya miaka kama mitatu huwa tayari kwa soko.

Kazi yaonekana nyepesi. Sasa sikilizeni yaliyowapata.

Mwanzo walifuga chaza bapa wa kwao. Mwaka 1868 meli iliyopakia chaza wa Ureno ilikimbilia mlango wa mto Gironde kwa dhoruba. Nahodha akadhani shehena imekufa, akaimwaga. Waliokuwa hai wakazaana na kuenea. Ikawa heri, kwani mwaka 1920 wale bapa walikufa kwa wingi, na wa Kireno wakashika nafasi yao. Kisha, baina ya 1970 na 1973, maradhi yakawamaliza hao nao. Wafugaji wakaagiza wadogo kutoka Japani na wakubwa kutoka Kanada, wote wa aina moja ya Kijapani, wakaanza upya. Mwaka 2008 virusi vikaivamia aina hiyo ya tatu, vikaua wadogo wengi mno.

Kosa halikuwa uvivu. Kila mara ghuba ilitegemea zaidi aina moja, na maradhi yalipoingia katika aina hiyo hayakukuta kizuizi. Sisi tuliokwisha kuona mkarafuu ukikauka ghafula, majani yangali juu yake, twaijua huzuni hiyo. Mwenzio akinyolewa, zako tia maji.

Baada ya msiba ule wa 2008, watu walichagua chaza waliosalimika, wakawafanya wazazi wa mbegu. Nasi tusichukue mbegu za kitalu katika mti mmoja tu, bali katika miti mingi yenye afya. Tuzibe mapengo mashambani, na penye nafasi tupande mdalasini na pilipili manga. Na mwenye kutaka kujaribu chaza, ahakikishe kwanza usafi wa maji, kisha aanze kwa mifuko michache. Asiuze shamba lake kwa ajili yake.

Wasalaam,
Katibu wa Chama