Mpemba na Swali la Maziwa Moto

Hapa Arusha twaishi kati ya kazi mbili: ulinzi wa wanyama pori na, pale Tengeru chini ya Mlima Meru, elimu ya sayansi katika Taasisi ya Nelson Mandela. Marehemu Erasto Mpemba alizigusa zote mbili, nasi twaona kwamba jina lake halitajwi vya kutosha miongoni mwetu.

Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa chache. Akaogopa kuikosa, akatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, shuleni Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi aliagiza jambo lipimwe, na mwaka 1969 wakalichapisha pamoja.

Mpemba mwenyewe alikwenda Mweka kusomea wanyama pori, akawa ofisa wa serikali, mtumishi kama watumishi wengine.

Ndugu wafanyakazi, baba arudipo kazini amechoka, ni rahisi kumwambia mtoto anyamaze. Lakini mtoto huyo huenda ameona kitu jikoni ambacho wakubwa hawajakiona.

Wako wataalamu wa Uingereza waliopima upya, wakaandika mwaka 2016 kwamba hawakuliona jambo lile. Wengine wasema lipo. Ubishi wenyewe waitwa kwa jina la Mpemba.