Kisu cha kukunja: loki ina kazi gani?

Kuna swali linarudi kila msimu wa kubebesha miche ya michungwa na miembe: kisu cha kukunja kiwe na loki, au ni kuongeza bei tu?

Nunua chenye loki. Ila wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia kisu kisifunguke mfukoni. Hiyo ni kazi ndogo. Hatari kubwa ni kisu kujifunga ukiwa kazini.

Kisu kisicho na loki kinashikiliwa na springi peke yake. Ukikata kwa kuvuta, nguvu inakwenda kwenye makali na kisu kinabaki wazi, hakuna shida. Lakini ukitoboa gunia la mbolea au bomba la matone, au ncha ikinasa kwenye kamba ya kizimba cha sato ukaanza kuitikisa itoke, nguvu inahamia mgongoni mwa kisu. Springi inashindwa, makali yanarudi kwenye vidole vilivyoshika mpini.

Wafaransa wa Opinel walianza kutengeneza visu vyao mwaka 1890, bila loki. Mwaka 1955 wakaweka pete ya chuma shingoni: ukiizungusha, kisu hakijifungi. Kuifanya pete hiyo izuie na kisu kilichokunjwa kisifunguke, wamesubiri mpaka mwaka 2000. Ona walianza na lipi!

Dukani, fungua kisu, kaza loki, kisha bonyeza mgongo wake taratibu kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikicheza au kikikunjika, kirudishe. Zile loki za bamba la ndani la kusukuma kwa kidole gumba sizipendi kwa anayeanza, maana wakati wa kufunga gumba linakaa njiani mwa makali.

Na loki chafu ni sawa na hakuna. Utomvu wa embe na mchanga wa ziwani huizuia isikae sawasawa, nawe unadhani imekaza. Osha, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani.

Kama una vibarua wanaovuna kutwa nzima au wanaoshinda kwenye vizimba, wanunulie visu visivyokunjwa, vyenye ala. Havina cha kujifunga.

Mtu akikatwa, osheni kidonda kwa maji safi na sabuni, bana kwa kitambaa safi, aende zahanati akaulizie chanjo ya pepopunda hata kama damu imekata.