Tiba ya Kutuliza Ovari kwa Wanawake Wenye Umri Mdogo Waliopata Saratani ya Matiti

Saratani ya matiti hudhaniwa kuwa ugonjwa wa wazee, lakini huwapata pia wanawake ambao bado wanaona hedhi. Kwa baadhi yao, upasuaji, tiba kemikali na mionzi si mwisho wa matibabu. Hufuata tiba ya homoni ya miaka kadhaa, ambayo lengo lake ni kuzuia ugonjwa usirudi.

Saratani nyingi za matiti hukua kwa kuchochewa na homoni ya estrojeni. Jambo hilo hubainika kwa kupima maabara kinyama kilichotolewa kwenye ziwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu ya kipimo hicho, kwa kuwa saratani isiyo na vipokezi vya homoni haizuiwi na tiba hii.

Kabla ya ukomo wa hedhi, estrojeni nyingi hutengenezwa na ovari. Mwaka 1896, daktari George Beatson wa Glasgow alichapisha taarifa ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulinywea baada ya kuondolewa ovari. Upasuaji huo ungalipo, lakini athari yake ni ya kudumu. Njia nyingine ni sindano ya goserelini, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28. Dawa hiyo huizuia tezi iliyo chini ya ubongo isiziamuru ovari kufanya kazi. Huambatana na kidonge cha kila siku, kama vile tamoksifeni au eksemestani.

Si kila mgonjwa huhitaji sindano hiyo. Tafiti za kimataifa zilizochapishwa kuanzia mwaka 2014 zilionyesha manufaa makubwa zaidi kwa waliohitaji tiba kemikali na walio chini ya umri wa miaka 35.

Tiba hii ina maudhi yake: joto la ghafla mwilini, kukosa usingizi, ukavu ukeni, maumivu ya viungo na mifupa kupungua uimara. Mengi hupunguzwa kwa ushauri wa daktari. Haifai kuacha dawa kimyakimya. Sindano ikicheleweshwa, ovari huweza kuanza kazi tena bila dalili yoyote. Aidha, kukoma kwa hedhi si kinga ya mimba, na tamoksifeni huweza kumdhuru mtoto tumboni. Wanandoa watumie kondomu au kitanzi kisicho na homoni. Anayetarajia kuzaa baadaye amweleze daktari kabla ya kuanza matibabu.

Mwananchi atakayeona uvimbe, ngozi ya ziwa kubonyea au chuchu kutoa damu afike zahanati au kituo cha afya cha karibu, apatiwe rufaa. Wagonjwa wa saratani hutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Familia zinaombwa kuitunza tarehe ya sindano na kuandaa nauli mapema.